Mwongozo Kamili: Kuunganisha Kebo za Pawa Saplai na za Diski Unapounda Kompyuta ya Kwanza

Kompyuta nyingi ninazoletewa hapa Kisumu zikiitwa mbovu si mbovu. Vifaa ni vizima, vimenunuliwa kimoja kimoja kwa pesa iliyotafutwa kwa miezi, na mwenyewe ametazama video mpaka mwisho. Tatizo ni kwamba anapobonyeza kitufe, ama hakuna kinachotokea, ama feni zinazunguka na skrini inabaki nyeusi, ama kila kitu kinawaka lakini diski haionekani. Kijana mmoja wa Kondele aliniletea yake kwa bodaboda ikiwa imefungwa blanketi kama mtoto mchanga. Nilipomulika tochi ndani, niliona plagi kubwa ya pini 24 imeinuka upande mmoja kwa unene wa ukucha. Niliibonyeza ikalia "tk", nikaichomeka kompyuta ukutani, ikawaka.

Mwongozo huu unahusu kazi hiyo peke yake, yaani kutoa umeme kwenye pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) hadi kwenye mazabodi (bodi kuu), kadi ya picha na diski, na kuunganisha diski na mazabodi ili zisomeke. Nachukulia kwamba prosesa, feni yake na kumbukumbu (RAM) vimeshakaa mahali pake. Humu nitaita "plagi" kile kichwa cha kebo, na "soketi" pale kichwa hicho kinapoingia.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Pawa saplai ya aina ya ATX (umbo la kawaida la kompyuta za mezani) pamoja na kebo zake zote zilizotoka nayo kwenye boksi. Kama uliinunua ikiwa imetumika na ukapewa kebo za kuokoteza, usiunganishe chochote kabla ya kusoma hatua ya 1.
- Kebo ya stima ya kompyuta yenye plagi ya pini tatu na fyuzi ndani yake.
- Kebo moja ya data ya SATA (aina ya kebo inayounganisha diski na mazabodi) kwa kila diski. Mazabodi mpya kwa kawaida huja na mbili ndani ya boksi, lakini diski yenyewe mara nyingi huuzwa bila kebo.
- Bisibisi ya nyota, ikiwezekana yenye ncha ya sumaku.
- Tochi, ya simu inatosha.
- Kitabu cha mazabodi. Kama hukupewa, tafuta jina la modeli lililochapishwa kwenye bodi yenyewe, kisha upakue kitabu hicho kutoka tovuti ya mtengenezaji.
- Sahani ya kuwekea skrubu na vifungio vichache vya plastiki.

Multimita ni nzuri kuwa nayo, ila kwa kazi hii si lazima.

## Kwanza, stima ya nyumba yako

Jambo hili hurukwa na video nyingi kwa sababu wanaozirekodi hawaishi katika nyumba tunazoishi sisi. Hapa kwetu ni kawaida kukuta soketi ya ukutani yenye tundu la waya wa ardhi lakini nyuma yake hakuna waya wowote, au ekstensheni ya bei rahisi ambayo mtu anasukuma kalamu kwenye tundu la juu ili plagi ya pini mbili ipate kuingia. Pawa saplai ya kompyuta imeundwa ikitegemea ardhi hiyo. Isipokuwepo, kichujio kilicho ndani yake hupeleka umeme kidogo kwenye bati la kasha, na ukiligusa kwa mgongo wa kidole utahisi kama unatekenywa na sisimizi. Umeme huo ni mdogo, lakini ni dalili kwamba kinga yako haipo. Mwite fundi wa stima arekebishe soketi kabla hujaendelea. Usijaribu kulitibu tatizo hilo ndani ya kompyuta.

Fanya kazi hii siku isiyo na radi. Msimu wa masika, mawingu ya jioni yanapoanza kukusanyika juu ya ziwa, mimi huchomoa kila kitu ukutani pamoja na waya wa intaneti, kwa sababu swichi peke yake haizuii radi.

Kuhusu umeme tuli, ule unaokurusha ukivua sweta: gusa bati tupu la kasha kila unaporudi kwenye kazi, na usifanye kazi hii ukiwa umekaa juu ya zulia. Hewa ya Kisumu ina unyevu, kwa hiyo hatari si kubwa sana. Msomaji wa Nakuru aongeze tahadhari miezi ya kiangazi, wakati vumbi na ukavu vinapoandamana.

## Hatua ya 1: Kagua pawa saplai ikiwa bado mezani

Soma kibandiko kilicho ubavuni. Kenya tunatumia volti 240 kwa hezi 50. Ukiona maandishi "100–240V", pawa saplai itajirekebisha yenyewe. Ukiona swichi ndogo nyekundu nyuma, iliyoandikwa 115 na 230, hakikisha inaonyesha 230. Zipo pawa saplai za zamani zilizofika huku kutoka nchi zinazotumia volti 110 au 120, na swichi hiyo bado iko kwenye 115. Ikiwa hapo, saketi ya ndani huzidisha umeme mara mbili. Ukiichomeka kwenye ukuta wetu utasikia mlipuko na kuona moshi kabla hujatoa mkono kwenye swichi.

Usiifungue pawa saplai kwa sababu yoyote, hata ikiwa imechomolewa. Kapasita zake zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 baada ya kuzimwa.

Sasa tuje kwenye kosa lililo ghali kuliko mengine yote. Pawa saplai ziko za namna mbili: zile ambazo kebo zimetokea ndani moja kwa moja, na zile ambazo kebo zinachomekwa kwa nje, ili utumie unazohitaji tu. Hizi za pili huitwa moduli. Upande wa kebo unaoingia kwenye mazabodi au diski una mpangilio mmoja duniani kote, ukiacha kompyuta za ofisi nitakazozitaja mbele. Upande unaoingia kwenye pawa saplai hauna. Kila kampuni hupanga pini zake inavyotaka, na hata kampuni moja inaweza kubadilisha mpangilio huo kati ya modeli na modeli. Plagi itaingia vizuri, italia "tk", na hakuna kitakachokuonya.

Mimi mwenyewe nimelilipia somo hili. Nilikuwa nabadilisha pawa saplai iliyochoka, nikaona uvivu kuzipitisha kebo upya nyuma ya kasha, basi nikaziacha za zamani mahali pake na kuzichomeka kwenye pawa saplai mpya ya kampuni nyingine. Nilipowasha, SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) iliyokuwa na hesabu za miaka miwili za duka la shemeji yangu ikatoa harufu ya mpini wa sufuria ulioguswa na jiko. Pale iliposubiri volti 5, ilipelekewa 12. Haikufufuka.

Kwa hiyo kanuni ni hii: kebo za moduli zitumike na pawa saplai zilizotoka nayo, au na modeli ambayo mtengenezaji ametamka wazi kwamba inalingana nayo. Muuzaji akikwambia "zote ni sawa", usikubali.

*Umefaulu ikiwa:* umesoma kibandiko, swichi nyekundu (kama ipo) inaonyesha 230, na unajua bila shaka kila kebo iliyo mbele yako imetoka wapi.

## Hatua ya 2: Funga pawa saplai kwenye kasha

Kama kasha lina matundu na chujio la vumbi upande wa chini, feni ya pawa saplai itazame chini ili ivute hewa ya nje. Kama chini ni bati tupu, igeuze itazame juu, la sivyo utakuwa umeiziba pua. Kaza skrubu nne kwa nyuma, lakini zote ziingie nusu kwanza ndipo uzimalizie. Ukikaza moja mpaka mwisho, ya nne itakataa kupata tundu lake.

Ikiwa ni ya moduli, chomeka kebo upande wa pawa saplai kabla ya kuifunga, kwa maana baadaye mkono hauingii.

## Hatua ya 3: Pitisha kebo kabla ya kuunganisha

Kasha nyingi za sasa zina nafasi nyuma ya bamba la mazabodi, pamoja na matundu ya kupitishia kebo. Zitoe kebo zote nyuma, kisha uzirudishe mbele kila moja kwenye tundu lililo karibu na soketi yake. Kebo ya prosesa ndiyo ya kuanza nayo, kwa sababu soketi yake iko kwenye pembe ya juu ya mazabodi, karibu na nyuma ya kasha, mahali ambapo feni ya prosesa na bati la juu huacha nafasi ya vidole viwili tu.

Usifunge kitu sasa. Kufunga ni kazi ya mwisho, baada ya kompyuta kuwaka.

## Hatua ya 4: Kebo ya prosesa, pini 8

Hii ndiyo inayosahauliwa kuliko zote, kwa sababu watu hudhani plagi kubwa ya pini 24 inalisha kila kitu. Hailishi prosesa. Prosesa ina kebo yake ya volti 12, ambayo kwenye pawa saplai nyingi imeandikwa "CPU" na inagawanyika vipande viwili vya pini nne nne. Mazabodi ndogo zinaweza kuhitaji kipande kimoja tu; nyingi huhitaji vyote viwili. Zikiwa na soketi ya pini 8 na ya ziada ya pini 4, ile ya 8 ndiyo ya lazima, na ya ziada husaidia prosesa zinazokula umeme mwingi.

Hapa pana mtego. Kebo ya kadi ya picha nayo ina pini 8, na kwa mbali zinafanana kama mapacha. Zitofautishe hivi: ya prosesa hugawanyika nne na nne, ilhali ya kadi ya picha hugawanyika sita na mbili. Kama nyaya zina rangi, ya prosesa ina nne za manjano na nne nyeusi; ya kadi ya picha ina tatu za manjano na tano nyeusi. Manjano ni volti 12 na nyeusi ni ardhi, na kwenye plagi hizi mbili pande za manjano na nyeusi zimepishana. Ukilazimisha moja iingie mahali pa nyingine, unaupeleka umeme moja kwa moja ardhini.

Watengenezaji walilijua hilo, ndiyo maana pini zina maumbo tofauti: baadhi za mraba, baadhi zimekatwa pembe. Plagi sahihi huingia nusu kwa mkono mwepesi. Ikikataa mwanzoni kabisa, simama na uangalie tena. Ikiingia nusu kisha ikawa nzito, hiyo ni kawaida. Isukume mpaka ulimi wake wa plastiki udake jino la soketi.

Angalizo jingine: plagi ya pini 24 nayo ina kipande cha pini nne kinachoachana nayo. Kipande hicho si cha prosesa, hata kikionekana kukaribia kuingia.

*Umefaulu ikiwa:* umesikia "tk", ulimi umeshika jino, na ukivuta kebo kidogo plagi haisogei.

## Hatua ya 5: Plagi kubwa ya mazabodi, pini 24

Soketi yake iko ukingoni mwa mazabodi, upande wa mbele wa kasha, karibu na kumbukumbu. Kama plagi imegawanyika 20 na 4, ziunganishe kwanza vidoleni ziwe kitu kimoja, kisha uziingize pamoja. Ulimi mrefu uelekee upande wenye jino.

Weka vidole vya mkono mmoja nyuma ya ukingo wa bodi, au chini yake pale inapofikika, ili isipinde, na kwa mkono wa pili sukuma plagi ikiwa imenyooka. Nguvu inayohitajika humshangaza anayeanza. Ndiyo sababu wengi huishia katikati wakiogopa kuvunja bodi. Usiitikise kushoto na kulia kwa nguvu, kwani pini zinaweza kujipinda. Bonyeza upande mmoja, kisha wa pili, kisha katikati.

Halafu mulika tochi kutoka ubavuni, macho yako yakiwa usawa mmoja na soketi. Mstari kati ya plagi na soketi uwe sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukionekana kama mlango uliofungwa nusu, mwembamba upande mmoja na mpana upande wa pili, plagi haijaingia hata kama ulimi umeshika. Hiyo ndiyo iliyokuwa hali ya kompyuta ya kijana wa Kondele.

## Hatua ya 6: Kadi ya picha, kama unayo

Angalia mgongo wa kadi. Ikiwa haina soketi yoyote, inatosheka na umeme wa mazabodi, ruka hatua hii. Ikiwa na soketi ya pini 6 au 8, tumia kebo iliyoandikwa "PCIe" au "VGA", na kipande cha pini mbili kiungane na cha sita kabla ya kuingia. Kadi yenye soketi mbili ni heri ipewe kebo mbili tofauti kuliko kebo moja yenye vichwa viwili.

Baadaye, kebo ya skrini ichomekwe kwenye kadi hii, si kwenye mazabodi. Kosa hilo halihusu pawa saplai, lakini limewafanya wengi wafungue kazi nzuri waliyokwisha kuimaliza.

## Hatua ya 7: Kebo ya data ya diski

Jua kwanza diski yako ni ya aina gani. Ile inayofanana na kipande chembamba cha chingamu, inayolazwa kwenye mazabodi na kufungwa kwa skrubu moja, ni M.2, haihitaji kebo hata moja. Diski ya inchi 3.5 yenye sahani zinazozunguka, na SSD ya inchi 2.5, zinahitaji kebo mbili kila moja: nyembamba ya data yenye pini 7, na pana ya umeme yenye pini 15. Moja bila nyingine haifanyi kazi.

Plagi zote mbili za SATA zina umbo la herufi L, na umbo hilo ndilo linaloonyesha upande sahihi. Kwenye diski, L hiyo ni kijiulimi chembamba cha plastiki kinachobeba pini za dhahabu. Nimewahi kushika diski ambayo mwenyewe aliisukuma plagi kinyume, kijiulimi kikabaki ndani ya plagi, na pini zikabaki hewani kama meno ya chanuo lililovunjika. Kwa hiyo tazama L ya plagi, tazama L ya diski, zilinganishe, ndipo usukume taratibu bila kuinamisha.

Upande wa pili wa kebo ya data unaingia kwenye mazabodi, katika soketi zilizoandikwa SATA na namba. Diski yenye Windows au Linux iweke kwenye namba ndogo kuliko zote, ili iwe rahisi kuitambua kwenye BIOS (kurasa za mipangilio ya mazabodi zinazofunguka kabla ya Windows). Kabla ya kuchagua, fungua kitabu cha mazabodi ukurasa wa hifadhi: kwenye bodi nyingi, ukiweka M.2 katika nafasi fulani, soketi moja au mbili za SATA huzimwa kwa sababu zinatumia njia moja. Nimeona mtu akinunua kebo tatu mpya akilaumu kebo, kumbe soketi ilikuwa imezimwa na bodi yenyewe.

Kebo zenye kibanio cha chuma hutolewa kwa kubonyeza kibanio hicho kwanza. Ukivuta tu, soketi inaweza kung'oka pamoja nayo.

## Hatua ya 8: Kebo ya umeme ya diski

Kebo moja ya umeme ya SATA huwa na vichwa vitatu au vinne vilivyofuatana. Unaweza kulisha diski mbili au tatu kwa kebo moja bila wasiwasi. Diski inayozunguka hutumia volti 12 kwa mota na volti 5 kwa saketi, na inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi kuliko baadaye, kama ampea 2 hivi. Kwa hiyo ukiwa na diski nyingi, zigawe kwenye kebo mbili.

Kebo isikunjwe kwa nguvu pale inapoingia kwenye diski. Bati la upande likifungwa na kuisukuma, plagi hulegea polepole, na baada ya wiki kadhaa diski huanza kupotea na kurudi yenyewe.

Ukiishiwa vichwa, utauziwa kiunganishi cha kugeuza plagi ya zamani ya pini nne kubwa, iitwayo Molex, kuwa ya SATA. Viko vya namna mbili. Vile ambavyo nyaya zimemiminiwa plastiki kichwani, huwezi kuona zinavyoingia, vina sifa mbaya ya kugusana ndani na kushika moto. Vile ambavyo unaona kila waya ukiingia kwenye pini yake vina afadhali. Mimi huviepuka vyote inapowezekana.

## Kama kasha lako lilikuwa la kompyuta ya ofisi

Wengi huanza na kompyuta ya ofisi iliyotumika kutoka Uingereza, kisha hutaka kuiongezea pawa saplai kubwa. Angalia kwanza. Dell OptiPlex na HP EliteDesk za miaka mingi hazitumii plagi ya pini 24. OptiPlex 7020 na 9020, kwa mfano, zina plagi kuu ya pini 8, na diski zake hupata umeme kutoka kwenye mazabodi kupitia kebo maalumu. Pawa saplai ya kawaida ya ATX haiingii huko bila kiunganishi kilichotengenezwa kwa modeli hiyo hiyo, na mara nyingine haienei hata kwenye kasha. Usikate na kuunga nyaya mwenyewe.

## Hatua ya 9: Ukaguzi wa mwisho kabla ya stima

Unganisha waya mdogo wa kitufe cha kuwashia kwenye pini mbili zilizoonyeshwa kwenye kitabu cha mazabodi. Kitufe hakina kushoto wala kulia, lakini taa ndogo zina upande chanya na hasi. Hakikisha feni ya prosesa imeingia kwenye soketi iliyoandikwa CPU_FAN.

Kisha taja kwa sauti huku ukigusa kila moja: pini 24, pini 8 ya prosesa, kadi ya picha, data ya diski, umeme wa diski. Hesabu skrubu zilizobaki kwenye sahani. Kama moja haijulikani ilipo, liinue kasha, liinamishe polepole na usikilize. Skrubu iliyolala chini ya mazabodi inaweza kuunguza kila kitu ulichokiunganisha.

## Hatua ya 10: Washa

Chomeka kebo ya stima ukutani, kisha geuza swichi ya nyuma ya pawa saplai kwenda kwenye alama ya mstari, si duara. Mazabodi nyingi zitawasha taa ndogo hata kabla hujabonyeza kitufe, kwa sababu pawa saplai hutoa volti 5 za kusubiri muda wote. Acha bati la upande likiwa wazi, bonyeza kitufe, na uangalie.

Feni zianze kuzunguka na ziendelee. Bodi yenye kumbukumbu za DDR5 inaweza kukaa dakika kadhaa na skrini nyeusi mara ya kwanza, ikizisoma kumbukumbu hizo. Usiizime kwa haraka. Picha ikitokea, ingia BIOS kwa kubonyeza Delete au F2 mfululizo, ufungue ukurasa wa hifadhi. Kila diski uliyounganisha inapaswa kuonekana kwa jina na ukubwa wake.

## Isipowaka, anzia hapa

Hakuna kitu kabisa. Angalia swichi ya ukutani, fyuzi ya plagi, swichi ya nyuma, kisha waya wa kitufe. Kama taa ya mazabodi inawaka ila kitufe hakijibu, tatizo mara nyingi ni pini za kitufe.

Feni zinazunguka, skrini ni nyeusi. Rudi kwenye pini 8 ya prosesa, halafu kebo ya kadi ya picha, halafu kumbukumbu. Bodi nyingi zina taa nne ndogo zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Ile inayobaki ikiwaka inakuonyesha pa kuanzia.

Inawaka sekunde moja na kuzima. Mara nyingi kuna mahali umeme unagusa ardhi. Zima, chomoa ukutani, toa kebo za diski na za kadi ya picha, kisha ujaribu tena. Ikiwaka, rudisha kebo moja moja, ukizima na kuchomoa ukutani kila mara, mpaka umpate mkosaji.

Diski haionekani kwenye BIOS. Iguse ubavuni wakati kompyuta inawaka. Diski ya sahani inayotetemeka kidogo imepata umeme, kwa hiyo shida iko kwenye kebo ya data au soketi yake. Ikiwa kimya kabisa, shida ni umeme. SSD haitetemeki, basi ijaribu kwa kebo na soketi ambazo umeona zikifanya kazi na diski nyingine.

Inaonekana kwenye BIOS lakini si kwenye Windows. Kebo zako ni nzima. Diski mpya haijaandaliwa. Fungua programu ya Windows ya kusimamia diski, uiandae na kuipa herufi. Kuwa mwangalifu usiiandae diski nyingine yenye mali ya watu.

## Baada ya kuwaka

Iache iwake saa moja, zima, chomoa ukutani, na sasa ndipo ufunge kebo kwa vifungio nyuma ya bamba, ukiacha ulegevu kidogo karibu na kila plagi. Hakikisha hakuna waya unaoweza kufikia mapanga ya feni. Funga bati la upande bila kulisukuma kwa goti. Likikataa, kuna kebo iliyojikunja mahali pasipofaa.

Kebo za moduli ulizobaki nazo zitie kwenye mfuko mmoja, uandike juu yake kwa kalamu ya wino jina na modeli ya pawa saplai zilizotoka nayo, na uuweke mbali na kebo nyingine zote za nyumba.